Titanic Mbele ya Mama Mkwe

Kijana wa kibanda cha muvi mtaani kwetu ana masharti mawili: DVD irudi kabla ya saa mbili usiku wa kesho yake, na isipakwe dawa ya mswaki. Sharti la pili lina historia yake. Wapo wanaoamini kwamba DVD iliyochubuka ukiisugua kwa dawa ya mswaki inapona, na baadhi ya zake zinanukia mnanaa hadi leo. Wenzake wamehamia kwenye flashi: unapeleka yako, unajaziwa muvi na sizoni za mwezi mzima, mmemalizana. Yeye bado anakodisha, na kwa kuwa deki yangu haina pa kuchomeka flashi, tunafaana. Ndiyo maana filamu ninazoleta nyumbani zote zina umri wa kuoa.

Mwezi huu naziangalia na mama mkwe. Amekuja Dar kutoka Tukuyu kumhudumia binti yake aliyejifungua. Usiku kichanga kikilala, anakaa kwenye kochi kubwa, miguu juu ya stuli, kitenge magotini, na rimoti chini ya kitenge. Hakuna mkwe mwenye akili timamu atakayepeleka mkono huko. Hali ikiwa hiyo, nikaweka Titanic.

Kijana alikuwa ameniapia kwamba nakala yake imekatwa “vile vipande”. Haikukatwa hata kimoja. Tena ilikuwa ya kutafsiriwa, na tangu Lufufu atuzoeze kusikia filamu za Kizungu na za Kihindi zikisemwa kwa Kiswahili, kila mtafsiri anajiona naye ni mshiriki. Ilipofika pale Rose anajilaza ili achorwe, huyu wetu alipaza sauti: wenye wazazi sebuleni fumbeni macho! Kisha, kwa huruma, akaanza kuwasimulia waliofumba macho kila kinachoonekana. Mke wangu akakumbuka maziwa jikoni. Mimi nikakagua dari. Sijawahi kuuombea umeme ukatike kwa moyo mweupe kama siku ile, na siku ile haukukatika.

Kumbe mama hakuwa na habari na picha wala mchoraji.

“Baba, huyu binti mama yake si yumo humo humo melini?”

“Yumo, mama.”

“Na baba yake?”

“Alikufa, akaacha madeni.”

Basi. Kuanzia hapo filamu ikawa ya Ruth, yule mjane ambaye James Cameron alitaka tumchukie kwa kumsukuma bintiye aolewe na tajiri. Mama mkwe akasimama upande wake kufa na kupona. Mjane, madeni, binti mmoja, mchumba kaleta almasi, halafu anajitokeza kijana aliyepata tiketi kwenye kamari! “Angekuwa wako ungemwachia?” akaniuliza. Nilikitazama kichanga chetu, naye ni binti, mapajani mwa mama yake aliyekwisha kurudi kutoka jikoni, nikajikuta namwelewa Ruth vizuri mno.

Meli ikazama. Nilipomwambia kwamba mwaka 1912 watu zaidi ya 1,500 walikufa kweli, aliguna, akawaombea. Kilichomnyima usingizi ni Rose, sasa kibibi, kuitupa almasi baharini, ilhali mjukuu wake yumo humo humo chomboni. Asubuhi alinikuta uani napiga mswaki: “Lakini yule bibi, wajukuu walimkosea nini?” Filamu ilitwaa Oscar 11, na katika waamuzi wote waliozitoa sijasikia aliyeuliza hilo.

Sholay ya mwaka 1975 ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, ingawa ina zaidi ya saa tatu na nakala yetu ilikuwa imefifia. Kuna mahali Jai, yaani Amitabh Bachchan, amekaa usiku anapuliza kinanda cha mdomo, na kule ng'ambo mjane Radha anazima taa moja baada ya nyingine. Hakuna anayesema neno. Hata mtafsiri alinyamaza, labda alikwenda kunywa maji. Radha akaifikia taa ya mwisho, akaizima, na nyumba yetu nzima ikazimika naye. Tulikaa gizani tukisubiri filamu iendelee. Mama mkwe ndiye aliyegundua kwamba hata friji imenyamaza.

Umeme uliporudi, Jai akafa, na mwanangu mkubwa akakasirika sana. Kwa sheria za mtaani steringi hafi. Mimi machozi yalinilenga pale rafiki yake anapogundua kwamba ile sarafu waliyokuwa wakirusha kuamua mambo ina sura moja pande zote mbili. Mama alikuwa na lake. Mzee Thakur amekatwa mikono yote miwili, lakini shali yake imekaa begani vizuri siku zote. Nani anamvisha? Nani anamlisha? Ni mtumishi wake, Ramlal, na mama alilalamika mpaka mwisho kwamba hakuna anayemwambia asante.

Commando ya Arnold Schwarzenegger haikuwa na mjadala. Baba anaua kikosi kizima ili amkomboe binti yake. Mama akaipitisha, mzazi anayejua wajibu wake. Anaconda hakuiona kabisa, alisema nyoka amewaacha Tukuyu. Hakukosa kitu, ila pale nyoka anapomtapika mtu, na mtu mwenyewe anakonyeza jicho, DVD iliganda hapo hapo, jicho moja limefumba.

Sholay ikodi, uianze mapema jioni kabla umeme haujafanya yake. Titanic nayo ikodi, lakini uiangalie na mama mkwe. Kama huna, azima wa jirani.