Kosa Namba 7

Jana saa nne asubuhi programu yangu ilitoroka mbele ya wateja sita. Ingeganda ningekuwa na la kufanya: unatikisa mausi, unakohoa, unasingizia umeme. Hii ilitoweka. Mara inatoa risiti ya saruji, mara skrini nzima imebaki na ile picha ya maporomoko ya maji iliyokuja na kompyuta.

"Mwanangu," Mama mwenye duka akaniuliza, kwa sauti ya kusemeshea mgonjwa, "imekwenda wapi?"

Ningemwambiaje kwamba niliifundisha mwenyewe? Kwenye funksheni inayosoma bei niliandika zamani: ukikuta bei isiyo namba, exit(1). Naye Mama alikuwa amebadilisha bei ya misumari kwa kuandika "elfu nne na mia tano". Kwa kosa hilo duka zima likafungwa, na mauzo ya asubuhi, yaliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ya kompyuta yakingoja kuhifadhiwa jioni, yakaenda na maji. Seremala mmoja akasema yeye alishalipa. Wa nyuma yake naye akakumbuka kwamba alishalipa.

Kusema kweli exit si mhuni. Kabla ya kuzima huziita funksheni zote zilizojiandikisha kwa atexit, iliyojiandikisha mwisho ikitangulia, kama daladala iliyojaa: aliyening'inia mlangoni ndiye wa kwanza kushuka. Kisha humwaga kwenye mafaili maandishi yaliyobaki njiani, huyafunga, ndipo huukabidhi mfumo endeshi namba yake: 0 ni salama, nyingine yoyote kuna jambo. Ni mazishi ya heshima. Tatizo ni aliyetangaza msiba. Funksheni ya kusoma bei ni kibarua tu. Wajibu wake ni kurudi kwa aliyemtuma na kusema, "Bosi, mstari wa 12 siuelewi." Bosi ndiye ajuaye kama mstari urukwe, Mama aulizwe, au mauzo yahifadhiwe kwanza. Kibarua wangu alikuwa akikosa koleo anabomoa nyumba.

(Hata hiyo namba ya kuagia ina vituko. Unix humfikishia aliyeiita programu biti 8 tu, kwa hiyo 256 hufika ikiwa 0. Niliwahi kuagia kwa idadi ya makosa. Faili lenye makosa 256 likapita likiwa salama salimini. Tuyaache.)

Usiku nikakaa kuzing'oa exit zangu. Zilikuwa 23. Nilipompigia Mama kumweleza kwamba sasa kila funksheni itarudisha kodi ya kosa, akashtuka: "Kodi nyingine tena?"

Funksheni iliyokuwa ikirudisha bei sasa inarudisha namba ya kosa, na bei yenyewe inapitia mlango wa uani, kwa pointa. Kila anayeiita sharti aulize kama kuna usalama, mithili ya kijana anayekatiza mtaa wa wazee, kila baraza lina shikamoo yake. Ukikwama katikati, vyote ulivyofungua uvifunge ndipo urudi. Zamani exit ikiondoka, mfumo endeshi ulifagia nyuma yake. Sasa mfagizi ni mimi. Baraza moja nililipita bila salamu, na leo asubuhi mfuko wa saruji ukauzwa shilingi 0. Kompaila haikufungua mdomo. Ukiipuuza namba uliyorudishiwa, lugha ya C hudhani una sababu zako.

Kinachoniuma ni kwamba chuoni kila mfano ubaoni uliishia hapohapo: faili halifunguki, exit(1), kumbukumbu haitoshi, exit(1). Programu za mistari kumi, zisizo na foleni ya wateja wala seremala mwenye kumbukumbu nzuri. Hakuna aliyetutungia swali la mtihani juu ya kushindwa kwa ustaarabu, na sijamwona mteja anayelilipia jambo hilo. Mama aliitazama kazi yangu ya usiku kucha akasema kwa upole, "Mbona iko vilevile?" Akanipa nauli.

Jioni hii amenipigia tena. Safari hii haijakimbia, anasema, imesimama kwa adabu na kuandika "Kosa namba 7".

"Saba ndiyo nini, mwanangu?"

Nikafungua orodha niliyoiandika saa tisa za usiku. Sita: bei si namba. Saba: mengineyo.