Mwongozo wa Kuchagua Chuo Kikuu kwa Aliyezaliwa Ubavuni mwa Mlima Kenya

Hongera kwa C+ yako, au zaidi. Mzee ameshawatangazia wote waliokuwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna. KUCCPS wamefungua tovuti, kijana wa saiba anakuuliza unataka chuo gani, na mgongoni mwako wanapumua wenzako waliolipia dakika zao. Una muda wa kunywa chai tu kuamua utaishi wapi miaka minne: katika chuo cha mjini, ambako jirani wa darasa ni benki, au katika chuo cha kampasi, ambako jirani wa darasa ni ng'ombe.

Jua kwanza unachochagua. Wazazi wanadhani ni kozi. Wewe unadhani ni wifi. Kinachochaguliwa hasa ni umbali kati yako na mama yako, na hayo mengine yatajipanga yenyewe.

Tuseme kwenu ni Tigania na umeitwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, yaani MUST. Pole. Umejiunga na shule ya kutwa yenye mahafali makubwa. Chuo kiko Nchiru, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, na barabara hiyo hupitwa na kila shangazi aendaye sokoni na kila binamu aliyepakia miraa kwenye Probox. Ukisuka nywele Jumatatu, Jumanne jioni simu italia: "Tumesikia una nywele." Wala usifikirie kwenda kulalamika kwa wazee. Ardhi ya chuo ilitolewa na wazee wa Njuri Ncheke, na makao yao ya jadi yako hapo hapo Nchiru. Si kila chuo chenye senati upande mmoja na baraza la wazee upande wa pili, na ukiulizwa ni lipi la kuogopwa zaidi, nyamaza.

Ukitaka kwenda mbali bila kwenda mbali, tumia ikweta. Meru mjini iko kaskazini ya mstari kwa kilomita chache tu. Chuka na Embu ziko kusini. Mtoto wa Meru akichagua Chuka atakuwa amehamia nusu nyingine ya dunia bila kubadilisha mboga. Njiani atalazimika tu kuvuka daraja la Nithi, ambako abiria asiyesali hufumba macho. Akitaka kwenda mbali zaidi, aende Embu.

Sasa tuzungumzie kampasi, maana hapa ndipo vijana wengi hudanganywa na picha. Kwenye picha kuna nyasi zilizokatwa, mti, na wanafunzi watatu wanaocheka wakitazama kitabu kimoja. Utafika ukitarajia utulivu. Mapema mwaka 2013, Rais Kibaki akikaribia kuondoka Ikulu, alivipa hati vyuo vikuu kadhaa, Chuka na MUST vikiwamo; Embu, kilichorithi majengo na mashamba ya chuo cha maofisa wa kilimo kikalelewa na Chuo Kikuu cha Nairobi, kikasubiri hadi 2016. Wino wa hati hizo haukukauka kabla ya wenye mashamba jirani kupiga hesabu. Nenda Ndagani, pale Chuka, uone mahindi yalivyogeuka ghorofa. Kilichokuwa shamba la urithi sasa kina ngazi ya nje, tangi la maji juu, na kamba za nguo kila orofa. Mkulima aliyekuwa akingoja malipo ya kahawa sasa hangoji: kodi ni tarehe tano, na tarehe sita anapita mwenyewe na kufuli mpya.

Chumba chenyewe ni bedsita. Kina kitanda, mtungi wa gesi wa kilo sita, sufuria mbili na pazia. Kazi ya pazia ni kutenga jikoni na chumba cha kulala, ili mgeni akivuta hatua moja ajue amehama nyumba. Sinki liko upande wa kitanda. Tokeni za stima huisha usiku wa kuamkia mtihani, na jirani wa ukutani ana spika kubwa kuliko dirisha lake. Chini kuna kinyozi, M-Pesa, duka la kuchapisha kazi za darasa, kibanda cha chapati na maharagwe, kanisa la mabati na baa. Kanisa na baa hushindana kwa sauti Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi hugawana wateja. Basi hiyo ndiyo kampasi tulivu ya mashambani. Ulikimbia mji, nao ukakodi chumba karibu nawe.

Anayetaka mji wa kweli atasema Nairobi. Jengo kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi limekaa vizuri: nyuma kuna hoteli ya Norfolk, ambayo hutaingia, na ng'ambo ya University Way kuna kituo cha polisi cha Central, ambacho unaweza kuingizwa. Aliyepanga mji huo alikuwa na huruma, kwa maana mwenye kugoma na mwenye kurusha gesi ya machozi hawalipi nauli kufikiana. Serikali nayo haikukosa kujifunza. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 chuo kilifungwa kwa miezi mingi, na mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi kikazaliwa Kesses, mbali kabisa na mji wa Eldoret. Tume ya Mackay ilikuwa imependekeza chuo cha pili tangu 1981, kwa hiyo sitasema lolote baya. Nitasema tu kwamba mawe ya kurusha Kesses ni tele, magari ya kurushiwa ndiyo adimu.

Lakini tahadhari: uchaguzi wa mji hauheshimiwi na ramani. Ukiomba kilimo au utabibu wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi ili uwakimbie ng'ombe wa kwenu, utapelekwa Kabete, na ng'ombe watakuwa wamekutangulia. Kinyume chake ni KeMU. Chuo hicho cha Wamethodisti kilianza Kaaga, Meru, penye miti na baridi ya kulalia blanketi mbili, kikapata hati mwaka 2006, kisha kikapanda ghorofani katikati ya Nairobi. Mzazi anayelipa karo akijua mwanawe yuko chuo cha kanisa na aulize vizuri ni tawi gani, na mtaa wake unaitwaje.

Kuna jambo ambalo mwanafunzi wa Nairobi haambiwi, nalo ni gunia. Mama hajali chuo kiko mji gani, ndizi zitakufikia. Gunia litafungwa kwa kamba ya mkonge, jina lako litaandikwa ubavuni kwa kalamu nene, herufi kubwa, na namba ya simu chini yake, kisha litapandishwa juu ya matatu. Litashuka stendi ya Tea Room. Utapigiwa simu ukiwa na wenzako wa kutoka Lavington, utasema ni mtu wa benki, utaondoka. Saa moja baadaye utapita mbele yao na gunia begani, majina yako yote matatu yakisomeka. Ndizi hizo watazila wao hao, bila aibu hata kidogo.

Kuhusu fedha sina mengi. Mkopo wa HELB haubagui mji na kijiji, hukawia kote. Kodi ya bedsita Nairobi itakufanya uikumbuke Ndagani kwa mapenzi ambayo Ndagani haikuyatafuta.

Basi chagua hivi. Ukiwa na ndugu Nairobi mwenye sebule, nenda Nchiru, kwa sababu sebule hiyo utailipia kwa kulea watoto wake. Ukiwa huna ndugu Nairobi, nenda Nairobi. Ukiwa huwezi kuamua, chukua Embu: ni kampasi yenye shamba, lakini mji uko umbali wa kutembea kwa miguu, na ukigombana na kimoja unakwenda kwa kingine.

Na kabla hujabonyeza kitufe, acha mzaha kidogo. Kama kozi ni uhandisi, hakikisha Bodi ya Wahandisi ya Kenya inaitambua katika chuo hicho. Kama ni uuguzi, uliza Baraza la Wauguzi. Kama ni sheria, uliza Baraza la Elimu ya Sheria. Digrii isiyotambuliwa haitakupa leseni, iwe umeisomea mbele ya benki au mbele ya ng'ombe. Uliza leo, maana siku ya mwisho tovuti huwa imelemewa.