Diski Haijafa, Imechomoka

Kompyuta ya mezani ikiwashwa na kuandika kwenye kioo cheusi kwamba haioni diski ya kuwakia, nyumba nzima huanza matanga. Huyu anasema ni virusi, yule anasema diski imekufa, na fundi aliyepigiwa simu anatoa hukumu kabla hata ya kufungua kava: tupige Windows upya. Nami nasema kompyuta imetamka jambo dogo kuliko hilo, tena imetamka kweli. Imesema haioni. Haikusema imefiwa.

Tazama diski ya SATA inavyofungwa. Ina midomo miwili: wa pini 15 hupokea umeme kutoka pawa saplai, wa pini 7 hupitisha data kwenda kwenye mazabodi. Kebo ya data ni nyembamba, na zile za bei poa hazina hata kibanio cha chuma. Zimejishikiza kwa imani tu. Sukuma meza ufagie chini yake, imani inalegea. "Mbona naisikia inazunguka?" mwenye mali atauliza. Inazunguka kwa sababu umeme unafika. Data ni safari nyingine. Hata redio huwaka taa bila kukamata stesheni. Kuna pia mazabodi ambazo ukichomeka diski mpya ya M.2 huzima kimyakimya tundu moja au mawili ya SATA, basi diski ya zamani inatoweka na mpya inasingiziwa uchawi. (Jambo hilo limeandikwa kwenye kitabu cha mazabodi, kile kilichobaki ndani ya boksi.) Halafu kuna flashi ya harusi ya shangazi, iliyosahaulika nyuma ya mashine. BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, hutafuta diski ya kuwakia kwa foleni, na flashi ikiwa mbele, huenda kompyuta ikang'ang'ana kuitafuta Windows katikati ya picha za pilau. Foleni yenyewe inaweza kuvurugika betri ya CR2032, ile ya volti 3, ikiisha. Ukiona na saa imerudi nyuma miaka, mshuku huyo.

Atatokea wa kusema diski hufa kweli. Hufa, sikatai. Ya sahani ikigonga tik-tik na kupotea hata baada ya kubadilishiwa kebo na tundu, hiyo iage. Lakini kupiga Windows hakumponyi maiti. Na kwa kebo iliyochomoka ni kichekesho kabisa: Windows haipigwi kwenye diski isiyoonekana, kwa hiyo fundi atairudisha kebo kwanza, diski itaonekana ikiwa nzima, kisha ataifuta pamoja na picha zako zote, nawe utamlipa huku ukimshukuru.

Basi zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua kava, sukuma kebo zote mbili mpaka zikae, toa flashi, kisha washa uingie BIOS. Ukiliona jina la diski yako pale, usikubali mtu yeyote aifute kabla hujanakili vilivyomo.