Ombi la Kazi ya Uchambuzi wa Siasa

Soko la Kongowea,
Mombasa.
12 Septemba 2022

Kwa Wahariri wa Runinga,
Studio Zenye Kiyoyozi,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KITI KATIKA JOPO LA WACHAMBUZI

Waheshimiwa,

Mimi ni mchuuzi wa nyanya. Kesho rais mpya anaapishwa Kasarani, na najua mmeshaanza kuuchambua uchaguzi wa 2027. Naomba kiti. Sifa zangu ni hizi.

Kwanza, najua kukosea. Nilimpigia kura Raila Odinga, na nilikuwa na hakika kama ninyi. Kura za maoni za mwisho karibu zote zilimweka mbele, Rais Uhuru Kenyatta alimuunga mkono, na Martha Karua aliwekwa mgombea mwenza ili Mlima Kenya ufuate. Mlima haukufuata. Kiambu, kwao Uhuru, na Kirinyaga, kwao Karua, zote zilimwendea William Ruto. Tarehe 15 Agosti, pale Bomas kulikojumlishiwa kura, Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akasoma: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Nilifunga kibanda mapema siku ile. Ila mimi nilikosea kwa gharama yangu. Ninyi mlitumiwa gari.

Pili, najua kujumlisha, na hapa naomba msinikasirikie. Fomu 34A za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, wazi kwa kila mwenye bando. Mlianza kwa mbwembwe, kila stesheni na hesabu yake: huku anaongoza huyu, ukibonyeza rimoti anaongoza yule. Kisha mchuano ulipokaza, nambari zikazubaa, maneno yakashika zamu. Mimi nikiacha kuhesabu kreti lori likiwa nusu, nikaanza kuhadithia mvua za Loitoktok, mwenye lori hatanipongeza kwa upeo wa fikra. Atanishika kola.

Siku moja baada ya tangazo la Chebukati, makamishna wanne wa tume walisema asilimia za wagombea zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 ya ziada ni kura kama 142,000. Nilisubiri jopo nililokuwa nikilitazama lishike kalamu. Likashika tama. Kura halali zilikuwa milioni 14.2, asilimia 0.01 yake ni kama kura 1,420. Na hata hizo hazikuwapo: asilimia zikikadiriwa hadi tarakimu mbili baada ya nukta, si ajabu jumla ipite mia kidogo. Nikimdai mteja shilingi 5,000 kwa nyanya za shilingi 50, hataniita mtaalamu.

Tatu, nitajifunza kutabiri yaliyokwisha pita. Hapa nakiri ninyi ni walimu wangu. Kabla ya tarehe 9 Agosti wilbaro, alama ya chama cha Ruto, ilikuwa kichekesho studioni. Baada ya matokeo ikawa falsafa. Mama mboga, ambaye hamjawahi kumpa hata kiti cha plastiki, akawa nadharia. Meza yake iko ya pili kutoka yangu. Hajui kwamba yeye ni nadharia. Anajua bei ya sukuma wiki imepanda. Mwingine wenu akaona mpiga kura amedanganywa, kana kwamba akili humrudia tu akimchagua mnayempenda. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ninyi mliivuta hadi ikapasuka, kisha mkailaumu ngozi.

Tarehe 5 Septemba majaji saba wa Mahakama ya Juu waliidhinisha ushindi ule kwa kauli moja. Nilinung'unika usiku mzima. Alfajiri nikaenda kupokea lori, kwa sababu nyanya hazingojei mtu atulize moyo.

Masharti yangu ni machache. Mezani nataka kikokotoo. Ukutani nataka ubao wenye kila nilichowahi kutabiri, usifutwe, ili nikirudi kuzungumza mtazamaji asome kabla sijafungua kinywa. Nikikosea, neno "nilikosea" litangulie maelezo ya kwa nini. Nikikosea mara tatu, nirudisheni Kongowea, ambako mwenye nyanya zilizooza hapewi kipindi kingine cha kueleza jinsi alivyojua zitaoza.

Mdhamini wangu ni yule mama mboga wa meza ya pili. Amekubali kunisemea kwa sharti moja: nikipata kazi hiyo, nikitaka kujua anawaza nini, nije nimuulize.

Wenu mtiifu,
Mchuuzi wa Nyanya