Ubao wa Mzee Kobe

Katika New Orleans ya hekaya hii wanaoishi ni wanyama, lakini mji ni uleule: umekaa kama bakuli kati ya mto Mississippi na ziwa Pontchartrain, karibu nusu yake ikiwa chini ya usawa wa bahari. Maji ya mvua yakiingia humo hayana pa kuteremkia. Sharti yanyanyuliwe kwa pampu, yakatupwe nje.

Fundi wa pampu hizo alikuwa Mzee Kobe. Baadhi yazo zilibuniwa na mhandisi Albert Baldwin Wood zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado zilizunguka vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye umeme. Pampu kongwe zinataka umeme wa mizunguko 25 kwa sekunde, ilhali umeme wa kawaida wa Marekani ni wa 60. Kwa hiyo bodi ya maji ilijifulia umeme wake kwa mitambo iliyochakaa. Kipuri kikivunjika, dukani hakipo. Hadi kichongwe upya.

Kobe alikuwa akipeleka orodha ya matengenezo kwa Rakuni, mkuu wa bodi. "Mheshimiwa, mtambo huu umelala. Ule nao unakohoa." Rakuni hakuwa mwizi, wala mvivu. Ila orodha ile aliisoma jua likiwaka, na jua likiwaka fungu la mitaro ndilo la kwanza kukatwa.

Jumamosi ya tarehe 5 Agosti 2017 ikanyesha. Baadhi ya mitaa ilipata zaidi ya milimita 200 kwa saa chache tu. Kule mtaa wa Tremé, Mama Kuku alipandisha vifaranga juu ya meza, kisha juu ya kabati, huku akikumbuka kimbunga Katrina cha 2005. Maji yalipopungua, Rakuni akasimama mbele ya baraza la mji. "Pampu zote zilifanya kazi," akasema. "Mvua ndiyo iliyozidi."

Hapo ndipo ninapomlaumu bila kumhurumia. Mvua ya namna ile yaweza kuishinda hata mitambo mizima, na Mama Kuku angelielewa hilo. Lakini mzazi aliyeambiwa kuwa pampu ni nzima hahamishi wanawe wingu jingine likitanda.

Kobe akaomba kusema. Akazitaja pampu zilizolala, moja moja, na hesabu ikapita kumi. Ubishi haujapoa, usiku wa tarehe 9 moto ukazuka kwenye mtambo mmoja wa kufua umeme, na nguvu kidogo iliyobaki ikapungua tena. Hali ya hatari ikatangazwa. Ghafla kila kilichokuwa hakiwezekani kikawezekana: majenereta yakaletwa, mafundi wakakesha, fedha zikaonekana. Chemba za mitaro zikazibuliwa, na katika kipande kifupi cha barabara ya St. Charles zikatoka zaidi ya tani 40 za shanga za sherehe za Mardi Gras. Zilikuwa zimekaa humo, maji yakizizunguka na kurudi barabarani.

Mwari, mwenyekiti wa baraza, akamuuliza Mama Kuku anadai fidia gani.

"Magodoro nitayadai, Mheshimiwa. Lakini kwanza nataka ubao. Kila asubuhi Mzee Kobe aandike pampu ipi inazunguka na ipi imelala, niusome nikipita kwenda sokoni."

"Wananchi wataingiwa na hofu," Rakuni akasema.

"Hofu tunayo tangu Katrina, baba. Tunachokosa ni namba."

Baraza likakubali. Kobe akashukuru, kisha akaomba na vijana wawili awafundishe kazi, maana mitambo ile hakuna chuo kinachoifundisha, naye macho yameanza kumchosha. Mwari akatazama karatasi zake. Vijana, akasema, wangoje bajeti ijayo.

Mama Kuku alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, akawaita vifaranga wake ndani, akaketi mstari wa mbele.