Namna ya Kupata Ndugu Kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi

Siku hizi mtu akitaka marafiki wa nchi nyingine hupanda ndege, na hapo ndipo anapoharibu. Ndani ya ndege jirani yako ameziba masikio na kufumba macho, na kabla hujajua anakwenda kuzika au kuoa, mmeshashuka na mnagombea mabegi. Mwenye nia ya kweli aende pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela, akate tiketi ya treni ya TAZARA ya kwenda Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, kisha aombe Mungu safari isiwe ya haraka.

Kanuni ya kupata ndugu safarini ni moja, nayo ni kupungukiwa. Msafiri aliyekamilika hana rafiki. Kwa hiyo funga kikapu chako kwa hesabu. Beba nyanya na vitunguu, kisu kiache nyumbani. Beba chupa ya chai, vikombe visahau. Kuku wa kuchoma awepo mzima, chumvi isiwepo. Simu iwe na salio lakini chaji iishie Kisaki. Yule mama aliyefungasha kila kitu, hadi vijiti vya kuchokonolea meno, atakula peke yake akitazama dirishani, na chumba kizima kitakubaliana kwamba anajidai. Wewe utainua nyanya yako juu na kuuliza, “Jamani, nani ana kisu?” Swali hilo limeunga watu wengi kuliko shahada zote za uhusiano wa kimataifa.

Na usidhani ni hila ya abiria tu. Reli yenyewe ilipatikana hivyo hivyo. Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia mwaka 1965, Zambia ilikuwa na shaba na haina njia ya kuaminika ya kuifikisha baharini. Tanzania ilikuwa na bandari na haina fedha za reli. China ilikuwa na mafundi, lakini haikuwa na kiti Umoja wa Mataifa wala marafiki wengi wa kuipigia kura. Wakubwa wa Magharibi, ambao hawakupungukiwa na kitu, walipiga hesabu wakasema njia hiyo hailipi. Wale watatu wakakutana Beijing mwaka 1967 wakatia saini, mkopo ukatoka bila riba, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa rasmi. Ni lile lile la nani ana kisu, isipokuwa walioulizana walikuwa Nyerere, Kaunda na Mao.

Sasa tuje kwenye tiketi. Daraja la kwanza, lenye vitanda vinne chumbani, waachie wenye heshima zao. Watu wanne hawatoshi kuunda ukoo. Chukua daraja la pili, vitanda sita, vitatu kila upande. Wengi hukimbilia kitanda cha chini kwa sababu hakina ngazi ya kupanda. Hawajafikiri. Mchana kitanda cha chini ni sebule ya wote, na mwenye tiketi yake ni mwenye nyumba asiye na uwezo wa kumfukuza mpangaji. Atabanwa kwenye kona ya godoro lake mwenyewe, watu watandaze magazeti na mifupa ya samaki pembeni ya mto wake, na akitaka kulala saa nane mchana itabidi aombe ruhusa. Wewe chukua cha juu kabisa. Mwenye kitanda cha juu hana pa kukaa mchana, kwa hiyo ana haki ya kushuka na kusema, “Shikamoo mzee, naomba nikae hapa kidogo.” Kidogo hiyo humalizikia Makambako. Na ukichoka na watu unapanda zako, unafumba macho, unasikiliza wanavyokusema.

Jambo jingine: wanaume hulala vyumba vyao na wanawake vyao, ila kama mmelipia chumba kizima. Wanandoa huliona hili kuwa adhabu. Kwa upande wa urafiki ni neema, ingawa neema yenyewe haigawanyiki sawa. Ukiwa umeoa, jiandae kwamba mkifika Mlimba mkeo atakuwa na dada watano wapya, na utakapobisha hodi kupeleka maji ya kunywa, kila mmoja wao atakutazama kama hakimu aliyekwisha sikiliza upande mmoja wa kesi.

Katika mazungumzo, usianze na jina. Jina ni la baadaye sana, pengine halitahitajika. Ndani ya treni mtu huitwa kwa kule anakoshukia: Baba Kasama, Mama Serenje, kijana wa Mpika. Anza na salamu. Kama mwenzako ni Mzambia wa kaskazini, mwambie “mwapoleni,” umalizie na “mukwai” ya heshima, kisha unyamaze mara moja, maana hayo ndiyo yote unayoyajua na yeye ataanza kumwaga Kibemba akidhani amepata mtu. Muda si mrefu atahamia Kiswahili chake, ambacho mara nyingi kitakuwa kizuri kuliko Kibemba chako hata baada ya miaka kumi, hasa akiwa ni mfanyabiashara aliyezoea Tunduma na Kariakoo.

Mkiishiwa maneno, kuna mwanasoka Clatous Chama. Sijui wasafiri wa zamani walikuwa wanaanzia wapi kabla Mzambia huyu hajaja Simba mwaka 2018. Mtaje tu, kisha egemea. Mzambia atasema ni wetu, Msimba atasema alikuwa wetu, na Myanga aliyejifanya amelala kitanda cha kati atakumbusha kilichotokea mwaka 2024 Chama alipovuka mtaa kwenda Jangwani. Usiku mzima umepatikana. Ila usijisahau ukaanza kumsifia Mzambia Taifa Stars. Atakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu atataja mwaka 2012, Libreville, Kombe la Afrika. Nawe utajitetea na ile mechi ya Januari 2024 pale San Pédro, Msuva alipotangulia kufunga. Atakuuliza, kwa upole unaoumiza, ni nani aliyesawazisha dakika ya 88 wakiwa pungufu uwanjani. Kunywa chai yako. Utakuwa umeshaazima kikombe.

Kama wewe ni Mngoni, mwongozo huu huuhitaji. Majeshi ya Zwangendaba yalivuka Zambezi mwaka 1835, yakapanda hadi Ufipa, mzee akafia huko, nao waliobaki wakagawana njia: wengine wakaishia Songea, wengine wakamfuata Mpezeni hadi upande wa Chipata. Wale wa Chipata walipigana na Wabemba, na wajukuu wa vita hivyo leo ni watani wakubwa Zambia nzima. Kwa hiyo Mbemba akisikia tu kwamba umetoka Songea, hatakuuliza hali. Atataka kukagua kikapu chako kama hakina panya, nawe kwa haki yako ya kuzaliwa utamuuliza tumbili wa chakula cha jioni amemficha wapi. Wageni wengine chumbani watashtuka wakidhani ngumi zinakuja. Zitakuja chapati. Nimewahi kuwaza kwamba vita vya babu zetu vilikuwa na faida hii moja tu, kwamba vimewaachia wajukuu kitu cha kutukanania bila kukasirika. Na kama wewe si Mngoni, bibi yako mzaa baba anaweza kuwa wa Songea kwa safari hii. Hakuna wa kuhakiki kabla ya Kasama.

Kipande cha kati ya Mlimba na Makambako kina kazi yake maalumu. Treni inapanda mlima, mahandaki yanafuatana, na gizani watu husema mambo ambayo kwao hawasemi. Hapo ndipo utaambiwa nani anakwenda kudai mirathi, nani ameacha kazi bila kumwambia mkewe, na binti yule anayesoma Biblia anafuata nani Lusaka. Pokea siri hizo kwa moyo mkunjufu. Mtu anakuambia wewe kwa sababu humjui mama yake. Usiharibu kwa kutoa ushauri.

Kuhusu Wazungu wenye mabegi marefu mgongoni, ambao hawakosekani: hawa wamekuja kutafuta urafiki kwa makusudi, wameufungia safari, na ndiyo maana wanaupata kwa shida. Wana kisu, tochi, kichujio cha maji, dawa ya mbu na kamba ambayo hakuna anayejua ya nini. Wasaidie kwa kuazima kile kisu chao.

Mpaka wa Tunduma na Nakonde ndiyo mtihani wenyewe. Hapa maofisa hupanda ndani, pasipoti zinagongwa, kadi za njano za chanjo zinatafutwa chini ya magodoro, na saa inarudi nyuma saa moja nzima, ili muwe na muda zaidi wa kuwa pamoja. Wabadilisha fedha huingia na mabunda ya kwacha wakiongea haraka kuliko unavyoweza kuhesabu. Hapa kila mtu humhitaji mwenzake. Mzambia anakunong’oneza bei ya kweli ya kwacha. Wewe ulimnong’oneza bei ya kweli ya mchele kule nyuma, sasa mmelipana. Usishtuke mzee akitaja mamilioni kwa kitu cha bei ndogo. Kwacha ilikatwa sifuri tatu mwaka 2013 na wapo ambao ndimi zao hazijapata taarifa. Lakini shika hili: rafiki anayekuambia bei ya kwacha ni rafiki. Rafiki anayekuambia bei ya kwacha kisha akatoa kwacha mfukoni mwake ni kitu kingine.

Halafu kuna mama wa vitenge. Tangu Dar es Salaam amekulisha maandazi, amekuita mwanangu, amekutafutia mchumba kwa mdogo wake. Ukikaribia mpaka atakusogezea furushi na kusema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, “Mwanangu, hili moja sema ni lako.” Hapo undugu wote wa kilomita mia nane na zaidi unakutazama usoni. Ukikataa, umekuwa mtu mbaya. Ukikubali, una doti thelathini za vitenge vya kike na wewe ni mwanamume unayekwenda semina ya ualimu. Mwongozo unasema ukatae. Kataa kwa mapenzi, kwa maneno mengi, ukitaja mgongo wako na afya ya baba yako, lakini kataa, kwa sababu ofisa akifungua furushi na kukuta chini ya vitenge kitu ambacho si kitenge, mama hatakuwa tena mama yako. Atakuwa amelala. Yale maandazi kula bila wasiwasi, hayana ushuru.

Ukishavuka, wewe ndiye mgeni na madaraka yanabadilika. Wale uliowaongoza sasa wanakuongoza. Ugali unakuwa nshima, dagaa wanakuwa kapenta, nawe ujizuie kueleza kwamba kwenu hupikwa vizuri zaidi. Utakaribishwa viwavi waliokaushwa, kitoweo cha heshima huko kaskazini mwa Zambia. Kula. Kiwavi wa kwanza ni wa urafiki, wa pili utamtaka mwenyewe. Ukikataa, usije ukaomba kuonyeshwa basi la Lusaka pale Kapiri Mposhi, ambapo wapiga debe watakugawana mkono na begi, na bila Baba Kasama wa kukufokea watu hufika… ingawa kwa kweli Baba Kasama aliteremka zamani. Tafuta Mama Serenje. Naye ameshuka. Hili ni tatizo la mfumo mzima wa kuwaita watu kwa stesheni zao: anayefika nawe mwisho ndiye hukuongea naye.

Inabaki namba za simu. Kabla ya kila stesheni kubwa kutakuwa na zoezi la kupeana namba, na hapo utagundua kwamba majina bado hamjaulizana na sasa ni aibu. Andika “Mzee Kikombe Treni,” andika “Chama Wetu Mpika,” weka na +260 mbele. Kisha sema maneno yanayopaswa kusemwa: “Ukija Dar, usihangaike na hoteli, kwangu ni kwako.” Yaseme kwa nguvu. Kila mtu chumbani anajua ni ya treni, hata mtoto anajua.

Isipokuwa Mzee Kikombe. Yeye aliyaandika kwenye daftari. Jumamosi moja, mkeo akiwa anapima mchele wa watu watano, simu italia, na sauti itasema imefika stesheni salama, ipo na kijana wake na mbuzi wa zawadi, na inauliza itoke lango lipi. Usiulize ni nani mwenzangu. Mwambie asubiri hapo hapo asitoke nje, unakuja sasa hivi, kisha anza kupigia watu kuuliza nani ana gari lisiloogopa mbuzi.