Ncha 640

Salfeti ilikaa chini ya kitanda, upande wangu. Ni ile ya mchele ya kilo 25, mdomo umefungwa kwa kamba ya katani, lakini haikufungika vizuri. Kila asubuhi nikiteremsha mguu kutafuta kandambili, dole gumba lilinasa kwenye uzi. Leo wa bluu, kesho wa pinki. Kuna siku nilifika bafuni nikiburura mita kadhaa za sweta la shule ambalo mwenyewe alishamaliza darasa la saba zamani.

Mke wangu hatupi uzi. Tangu namjua anafuma: masweta, kofia za watoto wachanga, na vile vitambaa vyeupe vya makochi ambavyo mgeni akivikalia huteleza navyo mpaka sakafuni. Kila kazi hubakiza kidonge cha uzi, kikubwa kama limau au kidogo kama kunazi, na kila kidonge kina habari yake. "Huu ni wa kofia ya Tumaini, siku tuliyotoka naye hospitali." Sasa mtu utautupaje?

Mwezi wa Machi nikasema neno. Nilisema kwa upole kwamba hizi nyuzi ama zitafutiwe kazi, ama zitafutiwe nyumba nyingine. Nilidhani nimetoa amri. Kumbe nimetangaza tenda, na mshindi ni mimi.

"Sawa, Baba Tumaini," akasema bila kuinua macho. "Mama anakuja Julai. Nitamfumia blanketi la mabaki, na sinunui hata uzi mmoja. Ila kuficha ncha ni kazi yako."

Sikuuliza ncha ni kitu gani. Nikasema haina shida.

Kazi ilianzia uani, kwenye jiko la mkaa. Nyuzi zilizokaa miaka kwenye salfeti hazina tena karatasi zake, na huwezi kuchanganya kila kitu kwenye blanketi moja, kwa sababu sufu ikikutana na maji ya moto inajikunja na kushikamana wakati mwenzake akriliki ametulia tu, na pamba ni nzito na hainyumbuki. Kwa hiyo mke wangu alikata kipande kidogo cha kila uzi, akakishika kwa kibanio, akakichoma. Pamba ilitoa harufu ya karatasi. Sufu ilinuka kama nywele zilizoungua, mtaa mzima ukajua. Akriliki iliyeyuka ikaacha kitone kigumu cheusi. Watoto walifurahi kuliko Krismasi. Mdogo akataka kupima na uzi wa shati langu, ndipo maabara ikafungwa.

Ilibaki akriliki tu, rangi kumi na kitu. Akaanza miraba. Anasuka mnyororo mfupi, anaufunga uwe pete, kisha anaizungushia mafungu ya nguzo tatu tatu, na kwenye kila kona mafungu mawili. Mzunguko ukiisha anabadili rangi. Mizunguko minne, rangi nne, mraba mmoja wa sentimita 15. Inahitajika miraba 80: nane kwa upana, kumi kwa urefu. Binti yetu alisoma kwenye simu kwamba maelezo ya miraba ya namna hii yalichapwa Marekani mwaka 1885, katika gazeti la wakulima liitwalo Prairie Farmer. Nikawaza kwamba tangu mwaka huo wapo waume, tena wakulima, wanaonasa madole chini ya kitanda.

Jioni ya kwanza alinikabidhi miraba mitano na sindano nene yenye tundu kubwa. Hapo ndipo nilipozijua ncha. Kila rangi ikianza inaacha mkia wa uzi, kama urefu wa kiganja, na ikiisha inaacha mwingine. Rangi nne, mikia minane. Mraba mmoja ukiutazama unafanana na buibui aliyekanyagwa. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu nyuma ya bahasha: mara 80, ncha 640.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Kuficha ncha si kuichomeka tu. Unaipitisha ndani ya nguzo za rangi yake, sentimita chache, halafu unageuka na kurudi nayo ukiruka uzi mmoja. Akriliki inateleza. Ikienda upande mmoja tu, hutoka kwa njia ile ile iliyoingilia, ila ikienda na kurudi inajing'ata yenyewe. Nilieleweshwa haya mara mbili, kwa mfano, na nakiri kwamba niliyaelewa. Nalisema hili mapema ili msomaji asinitafutie utetezi.

Miraba 20 ya kwanza niliifanya kwa uaminifu. Ncha 160, wiki tatu, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiwa mbele yangu na miwani puani. Halafu ikaja Jumapili ya Simba na Yanga.

Mtu hawezi kutazama watani wa jadi huku akitafuta tundu la sindano. Nilikosa shambulizi zima nikilamba uzi ili uchongoke. Mkasi ulikuwa hapo hapo mezani. Nikachukua ncha mbili za jirani, nikazifunga fundo, nikalikaza kwa meno, nikakata mikia karibu kabisa na fundo. Nikageuza mraba. Uso wake ulikuwa msafi kama wa maharusi. Kufika mapumziko nilikuwa nimemaliza miraba 12.

"Leo mkono wako umekuwa mwepesi," mke wangu akasema akiniongezea chai.

Nikainywa ile chai.

Miraba 60 ilipita kwa njia hiyo. Suala la uzi wa kuunganishia sitalirefusha: ilihitajika rangi moja nyeusi ya kuizunguka miraba yote, mabaki meusi hayakutosha, mtoto akatumwa dukani kununua donge moja, akarudi na matatu kwa sababu mwenye duka alisema rangi hiyo huwa inaisha. Moja na nusu yakatumika. Moja na nusu yakaingia kwenye salfeti.

Mama mkwe alishuka stendi ya Njombe siku ambayo ukifungua mdomo maneno yanatoka na moshi. Kwao Makete si kwamba kuna joto, lakini alisema baridi yetu haina adabu. "Kamwene, mama." "Kamwene." Nilimbebea mzigo nikitembea hatua mbili nyuma, kama inavyompasa mkwe. Tulipofika akaletewa blanketi.

Nilitegemea atalitandaza, atazame rangi, aseme ahsante. Yule mama alifundishwa kufuma na masista akiwa msichana. Alilipokea, akaligeuza juu chini, akaupapasa mgongo wake kwa kiganja, polepole, kama mkunga anavyotafuta kichwa cha mtoto. Kiganja kikasimama mahali. Kikaendelea. Kikasimama tena. Mafundo yangu huonekana kidogo sana, ila ukipapasa ni vipele.

"Limependeza," akasema. Akanitazama mimi, si binti yake.

Siku ya nne mtoto akamwaga uji wa ulezi. Mke wangu akalifua kwenye beseni, akalikamua, akalianika kwenye kamba. Blanketi la akriliki likilowa hubeba ndoo nzima ya maji, na maji yale yote huvuta kuelekea chini. Tulikuwa mezani tunakula chakula cha mchana binti alipoingia kutoka uani amelivaa shingoni, kichwa kimepita katikati ya mraba.

Tulihesabu matundu 27. Mengine pete ya katikati ilikuwa imefunguka ikabaki shimo la kuingiza kikombe, mengine mzunguko wa nje umejichomoa, uzi unaning'inia umejikunjakunja kama tambi za mtoto.

Nyumba ilinyamaza. Mke wangu alikuwa amelishika blanketi kwa mikono miwili, na sijui ni pepo gani aliyenifungua mdomo.

"Panya," nikasema.

Kwa kuwa uongo ukishazaliwa lazima ulishwe, jioni ile ile nikaenda sokoni nikanunua mtego, ule wa ubao na springi. Nikautega kwenye kona ya sebule, na kipande cha dagaa juu yake, kila mtu akiona. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, blanketi mapajani, anachukua vitanzi vilivyo wazi kimoja kimoja na kuvichomeka pini ili visiendelee kukimbia.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, kwa maana mimi haongei nami moja kwa moja jambo zito, "panya wa huku Njombe wanajua kufungua mafundo?"

Mke wangu akanitazama. Binti akasema, bila kuombwa, "Baba alikuwa anakata na mkasi siku ya mpira."

Yaliyosemwa baada ya hapo yalisemwa chumbani, na yatabaki huko. Kesho yake asubuhi nilikuta pembeni ya chai yangu sindano yenye tundu kubwa. Mama mkwe alikuwa ameshasogeza kigoda cha pili.

Hakunigombeza hata kidogo, na ningependa angenigombeza. Alinionyesha tu. Alisema kazi ya kroshia ina huruma, kwa sababu kila nguzo imefungwa peke yake kabla ya inayofuata. Ikiachia mahali, inafunguka hapo hapo, haiteremki kama ngazi. "Ingekuwa sweta la sindano mbili," alisema, akiliambia blanketi, "mngebaki na mikono." Pale pete ilipofunguka, unachukua uzi mpya, unaupitisha kwenye miguu ya nguzo zote kama kamba ya mdomo wa mfuko, unavuta, shimo linafumba, kisha unauficha: kwenda, kurudi, ukiruka mmoja. Pale fundo lilipobaki zima, unalifungua wewe kabla halijajifungua lenyewe, unarudisha nyuma nguzo chache upate mkia, unaungia mwingine mrefu.

Miraba 60. Sikuthubutu kupiga hesabu nyuma ya bahasha. Uzi wa kuungia ulitoka kwenye salfeti, na pale rangi ilipokosekana tuliunga kwa ile nyeusi, hivyo sasa maua mengi yana jicho jeusi katikati. Mke wangu anasema yanapendeza zaidi. Amelisema mara moja tu, na hakuniongezea chai.

Jioni mbili nilishona mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo babu zangu wangelikalia kikao. Majirani walioingia walitusalimia, wakatazama mikono yangu, wakakumbuka wana haraka. Mara moja moja alinyoosha kidole, akagusa nilipopitisha uzi upande mmoja tu, nikachomoa, nikarudia.

Muda wake ukaisha kabla ya ncha zangu. Asubuhi ya safari blanketi lilikuwa bado na mikia inayoning'inia upande mmoja kama ndevu, akasema libaki, atalifuata Desemba, nisikimbize kazi. Nikamsindikiza stendi. Basi lilikuwa limeshawasha injini aliponiita dirishani, mwenyewe, kwa sauti yake.

"Baba Tumaini, ule mtego una kazi nao?"

"Hapana, mama."

"Nifuatishie kwa basi la kesho. Kwangu wapo wanaokula mahindi."